Chui Aliyemaliza Sinema Zote za Giza

Paukwa!

— Pakawa!

Loo, sauti gani hiyo? Mmekula ugali au mmeunusa tu? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Palikuwa na mwamba, na mwamba ulikuwa na pango, na ndani ya pango kulikuwa na shuka jeupe limetundikwa ukutani.

— Shuka la nini, bibi?

La sinema, Shamte. Na usiniulize umeme ulitoka wapi. Hii ni ngano, na kwenye ngano umeme haukatiki.

Mwenye pango alikuwa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia, anakaa kwenye mawe. Basi huyo. Juu ya mwamba alikuwa na nyumba yake na wanawe, na chini ya mwamba alikuwa na pango lake la sinema. Si sinema za mapenzi, hapana! Sinema za giza. Majini, misukule, misitu inayomeza wapita njia, wafalme waliokufa zamani na bado hawataki kuachia kiti. Msitu mzima ulizipenda hizo. Wanyama walilia, walikumbatiana, na kesho yake wakarudi.

Sasa Bi Pimbi hakukupa sinema hivihivi. Kwanza anakutazama usoni, halafu anakuchagulia.

"Wewe Swala, moyo wako mwepesi. Chukua hii ya jini mpole anayelia kisimani. Utatetemeka kidogo tu, utalala vizuri."

"Ahsante, Bi Pimbi."

"Wewe Kobe, nina ya kwako. Mzimu anakuja polepole, polepole, sinema nusu imekwisha na hajafika mlangoni."

Kobe akaangalia, akatoka anahema. "Toba! Mzimu ana mbio yule!"

"Na wewe Twiga, hii hapa. Binti mfalme kafungiwa juu ya mnara, chini kuna zimwi."

Twiga akaangalia, akauliza, "Kwani huo mnara una shida gani? Si mfupi tu huo?"

Wote walitoka wameridhika. Wote, isipokuwa mmoja.

Chui.

Chui alikuwa na nguvu, na alikuwa mlafi, na alijiona fundi wa sinema za giza. Anaingia bila kupiga hodi, anakaa mbele kabisa, anajitandaza, halafu mkono unaanza kutembea. Bisi za Swala, kafu kafu kafu. Bisi za Kobe, kafu kafu kafu. Na mdomo haufungi.

"Huyo anayesema 'ngoja nikaangalie', anakufa. Mtaona."

Kweli, anakufa.

"Huyo anayefungua mlango, anakufa."

Anakufa.

"Huyo anayegeuka nyuma, huyo hata msimhesabu."

Aaah! Nani anataka kukaa na mtu kama huyo? Hata mimi ningemtoa nje, awe chui asiwe chui. Lakini Bi Pimbi angemtoaje? Na sinema ikiisha, Chui anapiga miayo, anasema... semeni na mimi, kwa sababu atasema sana:

"Ya watoto hiyo! Nipe yenye giza zaidi!"

Bi Pimbi akampa ya mchawi anayeshona watu vivuli. Chui akaangalia, kafu kafu kafu.

"Ya watoto hiyo! Nipe yenye giza zaidi!"

Akampa ya kijiji kilichomezwa na ukungu, wakabaki mbuzi tu, na mbuzi wanaongea. Chui akaangalia, kafu kafu kafu.

"Ya watoto hiyo! Nipe yenye giza zaidi!"

Akampa ya malkia wa mifupa. Yaani hiyo Fisi mwenyewe alitoka katikati, akasema anakwenda kunywa maji, hakurudi. Chui akaangalia yote.

— Ya watoto hiyo! Nipe yenye giza zaidi!

Vizuri, wanangu. Mnaweza, mkitaka.

Mwisho siku ikafika, sanduku la sinema likawa tupu. Chui ameziona zote. Akamsogelea Bi Pimbi, akamwinamia mpaka masharubu yakamgusa.

"Bi Pimbi, umeishiwa?"

"Nimeishiwa, Bwana Chui. Rudia ile ya malkia, ina mambo ukiiangalia mara ya pili."

"Sirudii. Kesho jioni nataka mpya, yenye giza kuliko zote. Usiponipa, napanda juu kwako, nawala wanao. Mmojammoja, kama bisi."

Akaondoka zake, mkia juu.

Bi Pimbi alikaa chini akalia. Alilia kweli, si kilio cha sinema. Wanawe wenyewe mngewaona! Wadogo, wana mashavu, na wana adabu mpaka wanachosha. Hata mende akipita wanamwamkia. Mama yao akawatazama, akawatazama tena. Halafu akaacha kulia.

Si kazi yake hiyo, kumtazama mtu na kujua anaogopa nini? Chui alikuwa amekaa mbele yake muda wote ule akimwambia kwa mdomo wake mwenyewe, huku anatafuna.

Kesho yake Chui akaja.

"Iko wapi?"

"Ipo, Bwana Chui. Lakini hii haikai kwenye shuka. Hii unaiingia mwenyewe. Inaonyeshwa nyumbani kwangu, juu ya mwamba. Jua likianza kuzama uwe mlangoni. Ukiweza kuingia mpaka ndani, wanangu nimekupa, kula. Ukishindwa, hugusi mwanangu hata unywele."

Chui akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi? Nishindwe kuingia kwa pimbi? Thubutu! Nimekubali."

Jua likaanza kuzama. Chui akapanda mwamba, anajilamba. Akafika mlangoni, akasimama.

Mlango ulikuwa wazi. Nusu. Upepo ukausukuma, kriiii.

Chui akasema, "Ehe. Mlango wazi. Nani kaacha mlango wazi?"

Akachungulia. Taa inawaka, aliyeiwasha haonekani. Kigoda kipo, aliyekikalia hayupo. Katikati ya sakafu, sahani ya nyama ya moto, mvuke unapanda, na kando yake bakuli moja la kunawia. Moja tu.

"Ehe," Chui akasema, sauti imepungua. "Chakula tayari, na mwenyewe hayupo. Nakijua hiki. Anayekula hiki anageuka msukule."

Moyo wake ukaanza, du, du, du.

Mara kutoka gizani, ndani kabisa, visauti vidogo, vyote pamoja:

"Shikamoo, mjomba."

Chui akafungua mdomo aseme marahaba, akaufunga haraka kwa mikono miwili. Sauti usiyomwona mwenyewe huitikii! Hilo hata bibi yake alimwambia, kabla sinema hazijafika msituni.

"Shikamoo, mjomba Chui. Karibu ndani. Tulikuwa tunakungoja."

Du du, du du, du du!

"Ma... mama yenu yuko wapi?"

"Mama?" Visauti vikacheka kidogo. "Mama yuko nyuma yako."

Uuuuwi!

Na kweli alikuwa nyuma yake. Watoto wale hawakufundishwa kusema uongo. Bi Pimbi alikuwa amejibanza kwenye kichaka, kashika mwiko, anatetemeka meno yanagongana. Chui angegeuka tu, angemwona. Pimbi na mwiko, basi! Angegeuka, au angepiga hatua moja mbele, ngano yangu ingeishia hapo na ingekuwa ya huzuni.

Lakini Chui si fundi? Fundi hageuki. Anayegeuka nyuma, huyo hata usimhesabu. Na fundi haingii. Anayeingia mlango wazi, anakufa. Na fundi hasemi "ngoja nikaangalie". Sasa mwenzangu afanye nini? Mbele hakwendeki, nyuma hakutazamiki. Kasimama pale, jasho linamtoka mpaka kwenye madoa.

"Mjomba haitikii shikamoo," kisauti kimoja kikasema. "Mjomba hana adabu. Tumfuate?"

Yesu na Maria, Mtume na Masahaba! Chui akafumba macho, akaanza kurudi kinyumenyume. Hatua, hatua, hatua. Akampita Bi Pimbi kichakani, mkia ukampangusa puani, naye hakupiga chafya, Mungu mkubwa. Hatua, hatua, na mwamba ukaisha. Bingiri, bingiri, bingiri, chubwi! Kwenye dimbwi la nguruwe.

Bi Pimbi akaingia ndani mbio, akawakumbatia wanawe wote kwa mpigo. Wakala ile nyama ikiwa bado ya moto.

— Na Chui, bibi? Alikufa?

Afe wapi! Kesho yake akaja, kafungwa kitambaa kichwani, anachechemea. Safari hii akapiga hodi. Akasogea kwa Bi Pimbi, akainama, akamnong'oneza:

"Bi Pimbi, ile ya jana..."

"Ya watoto?" akauliza Bi Pimbi.

"Kali! Sijawahi! Nimekojoa, usimwambie mtu. Ile ya pili yake inaonyeshwa lini?"

Bi Pimbi akamtazama usoni, kama kawaida yake. "Inaandaliwa. Lakini anayeingojea hatakiwi kula bisi za wenzake. Wala kusema mwisho. Akisema, wale watoto wanamfuata."

Tangu siku hiyo Chui anakaa nyuma, kimya, analeta bisi zake mwenyewe na anamgawia Kobe. Na akikutana na Fisi au Simba njiani anawashauri, "Mkitaka ya giza kweli, nendeni juu ya mwamba. Ila msiingie." Nao wanakwenda, wanasikia shikamoo, wanarudi wanakimbia. Watoto wa pimbi wamekua, wameoa, na mpaka leo hakuna aliyewaitikia.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Chui, atawaambia ni ya watoto.

Na funzo lake, maana mama zenu watauliza: sinema za giza hazina faida yoyote, zinaharibu akili, msiziangalie. Na kuamkia wakubwa ni jambo zuri, halimdhuru mtu. Mmesikia? Haya, nendeni zenu, nipisheni, yangu ya malkia wa mifupa inaanza sasa hivi. Mlango huo hapo, uko wazi.

Mbona hamtoki?

Shamte! Unatembeaje kinyumenyume, mwanangu?