Josho la Fisi na Kupe Sugu

Sikilizeni, kisha mcheke mkitaka. Mwaka huo nyikani kupe walikuwa wengi kuliko majani. Homa yao ilikwisha kumaliza ndama wa Nyati, na Swala, aliyebakiwa na mtoto mmoja, hakuwa akila wala kulala.

Sungura, ambaye haishiwi maarifa, alichemsha magome machungu, akajaza dawa hiyo kwenye josho, shimo la kuogeshea wanyama. "Kila juma wote watumbukie," alisema, "na dawa iwe kali vilevile. Kupe aliyekufa hazai. Wa kuogopwa ni yule anayeponea chupuchupu."

Simba akataka mlinzi wa josho. Fisi aliyasifu manyoya ya shingo ya mfalme, akapewa kazi palepale. Ndivyo wakubwa wanavyopata watumishi.

Haikupita wiki, Fisi akaanza kuchota dawa na kuificha mitungini, ili aibadilishe kwa mifupa bonde la pili. Josho alilijaza maji ya mtoni.

"Bwana Fisi," aliuliza Swala, "mbona dawa imepauka?"

"Tangu lini umekuwa mganga, mama? Huoni kupe wanakufa?"

Walikufa kweli, wale dhaifu. Wagumu walilewa kidogo, wakaamka, wakaoana wao kwa wao. Watoto wakarithi ugumu wa wazazi, na wajukuu wakawa wanaogelea joshoni kama bata.

Mtoto wa Swala akashikwa na homa. Mama mtu alimkimbilia Sungura akilia, naye Sungura akachemsha dawa mpya, kali ya kutoa machozi, akamtosa kupe mmoja ndani yake. Kupe akatokea upande wa pili, akajipangusa.

Siku ileile Fisi alikuja barazani kwa Simba akijikuna, kupe wamemjaa hadi kwenye kope. Alikuwa amejipaka mitungi yote bila nafuu, na alinuka dawa kuanzia pua hadi mkia.

"Josho halijanuka hivyo tangu ulipokabidhiwa," alisema Sungura. "Ya kwako umeitoa wapi?"

Simba akanguruma mpaka miti ikatikisika.

"Kunguruma hakuui kupe, Mfalme," alisema Sungura. "Hawa wamekwisha kuizoea dawa. Mdomo wa ndege hawajauzoea."

Wakaitwa ndege wanaokula kupe. Sharti lao lilikuwa moja: anayehudumiwa atulie na afumbe kinywa. Hata Simba alilazwa chini na kudonolewa masikio mbele ya raia wake, na ukimya ule ulimuuma kuliko kupe. Mtoto wa Swala alitolewa kupe mmoja mmoja. Homa ikashuka, akasimama, akatafuta ziwa la mama yake. Swala alilia tena, safari hii kwa furaha.

Fisi akawa wa mwisho. "Nisaidieni, jamani, nakwisha," alisema, akafumba kinywa kwa shida, mate yakimtoka pembeni. Ndege wa kwanza, mnene, akatua juu ya pua yake. Fisi alijikaza, akajikaza tena, kisha akammeza.

Wengine wote wakaruka, na hawajarudi kwake. Hadi leo Fisi hupita akijisugua kwenye miti na kuomba huruma, na kila anayemwona humjibu hivi: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.