Hatua Arobaini Chini ya Kilele

Hebu fumba macho kidogo, uione njia nyembamba ya mlimani, ukungu wa asubuhi, na watu watatu wakipanda. Wa mwisho ni mwanamke ambaye shavu lake la kushoto bado limevimba kidogo.

Huyo ni Aikande. Kwa miaka sita alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya watalii, na alitamani jambo moja: kuwa mwongozaji wao. Mtihani wa kupanda mlima wa kumpata mwongozaji mmoja ulipotangazwa, alikuwa ametoka kupasuliwa ufizi na kung'olewa gego lililoota upande.

"Pumzika wiki nzima," daktari alimwambia. "Kisha anza na matembezi mafupi. Kidonda kikianza kupwita, au ukionja damu, simama. Usibishane nacho."

Aikande alitii. Siku ya nane alitembea hadi kisimani. Siku ya kumi akafika shuleni na kurudi. Siku ya kumi na mbili ndiyo ikawa ya mtihani.

"Dada, leo unapanda kwa miguu au kwa meno?" Kundaeli, mshindani wake, alimtania.

"Kwa miguu. Meno nimeyapunguza ili niwe mwepesi."

Hata Mzee Lyatuu, mkuu wa waongozaji aliyekuwa akiwapima, alicheka.

Walipanda vizuri. Zilipobaki hatua arobaini kufika kwenye jiwe la mwisho, pale kileleni, taya la Aikande likaanza kupwita. Akameza mate, yalikuwa na ladha ya damu.

Akalitazama lile jiwe. Miaka sita! Machozi yakamlengalenga. Kisha akaketi.

"Mzee, nimeonja damu. Mimi nimeishia hapa."

"Hatua arobaini tu!" Kundaeli akashangaa. "Jikaze, dada!"

Aikande akatikisa kichwa.

Kundaeli akafika juu, akapunga mikono kwa furaha. Lakini Mzee Lyatuu hakumfuata. Alikuja kuketi kando ya Aikande.

"Kazi ni yako," akasema.

"Lakini sikufika!"

"Mwanangu, kufika hata mbuzi hufika. Siku moja mgeni atakulilia karibu na kilele, midomo imembadilika rangi kwa kukosa hewa, akikusihi muendelee. Ni nani atakayemrudisha akiwa hai? Ni yule aliyeweza kujirudisha mwenyewe."

Kundaeli aliposhuka na kusikia hayo, aliuchukua mkoba wa Aikande, akambebea mpaka chini.

Funzo: Kujikaza ni nguvu, lakini kujua pa kusimama ni nguvu kubwa zaidi. Nawe unayerudi kwenye mazoezi baada ya matibabu, tafadhali kumbuka neno moja tu: mlima haukimbii.