Suluhu ya Bi Tufaha na Jini Kharjushi

Kabla sijasimulia, niikiri aibu yangu, na Mola ndiye mwenye kusamehe. Niliwahi kupatana na ndugu yangu juu ya njia ya shambani, na karatasi ikasema apite kwa miguu; na siku aliyopita na punda amembeba mkewe mgonjwa, nikamrudisha, nikimwonyesha karatasi. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani tu, lakini hekaya hii niliisikia nikalia, nami naitoa kama nilivyoipokea.

Mji wa Sumairi ulitawaliwa na Sultani Badrani bin Ghaithi, na humo alikaa mjane, Bi Tufaha, mwenye bustani ya asumini iliyonyweshwa na chemchemi ya jini Kharjushi. Waligombania maji hayo miaka mingi, hata wakapatana mbele ya kadhi, na ikaandikwa: jini atatoa maji, na kila Alhamisi Bi Tufaha atapeleka sinia la asumini yeye mwenyewe, na jini atalipokea yeye mwenyewe; Bi Tufaha akivunja, bustani ni ya jini, na jini akivunja, chemchemi ni ya Bi Tufaha.

Miaka tisa ikapita kwa amani. Mwaka wa kumi Bi Tufaha akaanguka akavunjika nyonga, na Alhamisi hiyo akamtuma bintiye, Salhina. Jini alipomwona akafura kama moshi wa tanuri, akalikataa sinia na akaifunga chemchemi na akadai bustani.

Bi Tufaha akachukuliwa juu ya kitanda hadi barazani kwa Sultani, mbele ya kadhi yuleyule, na mwana wa Sultani mwenyewe akashika tendegu moja. Jini naye akaja na kasuku wake begani.

"Ewe kadhi mtukufu," akanguruma, "hati imesema yeye mwenyewe. Huyu binti ndiye yeye?"

"Baba Kharjushi," akasema Bi Tufaha, "ningekuja kwa kutambaa?"

"Ungetambaa!"

Kadhi Mudathiri akainua mkono. "Tulieni. Hati haisomwi mstari mmoja kama mtu anayechagua nyama chunguni. Tutaisoma yote." Akaisoma tangu bismillahi hadi muhuri, na mwanzoni palikuwa na maneno haya: ili wawili hawa wasigombane tena. Kisha akauliza, "Ee jini, katika miaka tisa, sinia ulilipokea wewe kila Alhamisi?"

Jini akatazama dari.

"Mwaka wa nne alimtuma mpwawe!" akapiga kelele kasuku. "Bwana aliumwa na jino! Alilia siku tatu!"

"Nyamaza, kuku wewe!"

Baraza zima likacheka, hata Sultani akajifunika kilemba usoni. Lakini kadhi hakucheka. "Basi tukiisoma hati unavyotaka wewe, chemchemi si yako tangu mwaka wa nne. Bi Tufaha, waitaka?"

Jini akanywea hata akawa kimo cha mtungi.

"Siitaki, kadhi," akasema Bi Tufaha. "Nilijua anaumwa. Nilimpelekea karafuu za kuweka kwenye jino."

"Umesikia?" kadhi akamwambia jini. "Mlivyoishi ndivyo mlivyokusudia. Mwenye udhuru hutuma wa nyumbani kwake, na suluhu ni nzima, na bustani ni yake, na chemchemi ni yako. Fungua maji."

Jini akaketi sakafuni akatoa pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Nilidhani amenichoka, kadhi. Sina mwingine anayenitembelea."

Maji yakafunguliwa kabla ya adhuhuri, na asumini zikainuka, na Bi Tufaha akalia kwa furaha kitandani pake. Mwaka huohuo mwana wa Sultani akamwoa Salhina, na jini akatoa mfereji wa pili uwe mahari ya kuongezea, na nyumba ile ikatajirika kwa marashi, na wote wakajifunza kwamba watu hupatana ili waishi, si ili wategane.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyepatana naye na hati imelala sandukuni, nakuomba kesho asubuhi uende ukamsalimie.