Bango la Harusi ya Mwamvua

Kabla hamjaunda kamati nyingine ya harusi, someni hii mpaka mwisho, halafu mtumieni yule mwenyekiti wenu mnayeogopa kumwambia ukweli. Msijifanye hamumjui. Kila ukoo unaye mmoja.

Kisarawe palikuwa na fundi wa kike aitwaye Nyamizi. Kazi yake ilikuwa kushona mabango ya kitambaa, yale yanayotundikwa nyuma ya maharusi, na ya kwake yalikuwa na vituko vyake. Alikata vipande vya vitenge akavishona juu ya kitambaa cheupe, vikawa kuku waliovaa miwani, mbuzi wanaopiga ngoma, mwezi unaocheka mpaka meno ya mwisho. Watoto walikuwa wanavutwa kwa nguvu kuondolewa mbele ya mabango hayo.

Siku moja akaja binti aitwaye Mwamvua, anayeolewa na kijana Mrisho. Mwamvua alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu, na miaka miwili baadaye baba naye akafariki. Akabaki na mama wa kambo, Chausiku. Mwanamke yule alikuwa bado kijana. Angeweza kumrudisha mtoto kwa ndugu za marehemu, akaenda zake kuolewa kwingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakumrudisha. Alichoma vitumbua vya kuuza kila alfajiri mpaka mtoto akamaliza shule.

Mwamvua alieleza anachotaka huku anacheka. Katikati pawe na mwanamke mnene aliyebeba beseni la vitumbua kichwani, vitumbua vimeota mabawa vinaruka, na kitoto nyuma yake kinakimbia kuvidaka. Pembeni kuku wawe wamejitwika masufuria, nao wanakwenda harusini.

"Akiliona tu ajue ni yeye," alisema. "Sijawahi kumshukuru mbele za watu."

Nyamizi akashona kwa moyo wake wote.

Kumbe kulikuwa na Mzee Pazi. Huyu alikuwa kaka wa marehemu, baba mkubwa wa Mwamvua na mwenyekiti wa kamati. Miaka yote ile hakupita hata siku moja kumjulia hali mtoto wa ndugu yake, na nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la mihogo. Sasa alikuja kukagua bango. Akasema vitumbua havina mabawa, huo ni utoto. Fundi akafumua mabawa. Kesho yake akarudi akasema kuku watoke, watu watadhani ni tangazo la hoteli. Fundi akafumua kuku, anauma midomo. Siku ya tatu akanyoosha kidole katikati ya kitambaa.

"Huyu muuza vitumbua mtoe," alisema. "Tuna wageni wa heshima. Weka picha yangu mimi, nimesimama, na chini yake majina ya kamati."

Nyamizi akamuuliza kama bibi harusi anajua.

"Bibi harusi hana kauli. Baba hapa ni mimi."

Mnaona mambo hayo? Mtoto akiwaka homa, baba hayupo. Mtoto akivaa shela, baba huyo hapo mbele, na koti.

Nyamizi alikwenda moja kwa moja kwa Mwamvua, damu inamchemka. Akamkuta analia. Baba mkubwa alikuwa ameshamwambia kwamba akibisha neno moja, hatasimama kuwa walii wake, na bila walii hakuna ndoa. Alikuwa ameshapanga pia kwamba siku ya sherehe Chausiku akae jikoni kwenye masufuria, maana meza ya mbele ni ya wazazi. Na Chausiku mwenyewe, maskini, alikuwa amekubali. Alisema yeye hana neno, mwanawe aolewe kwa amani.

Basi Nyamizi akarudi kwenye cherehani yake, akachukua wembe akamfumua yule mwanamke uzi kwa uzi. Alijichukia. Lakini fundi hagombani na mwenye kazi, na harusi ya watu haivunjwi kwa sababu ya hasira za fundi. Akashona koti la Mzee Pazi, akashona na tai yake.

Siku ikafika. Asubuhi ndoa ikafungwa, Mzee Pazi akasimama kuwa walii, akamwozesha binti mbele ya shehe, mambo yakaisha salama. Alasiri watu wakajaa kwenye turubai, na bango likawa limetundikwa. Humo Mzee Pazi alikuwa mrefu kuliko mlango. Chini yake majina kumi na moja ya kamati. Majina ya maharusi yalikuwa kwenye pembe, madogo kama lebo ya shati. Wageni wa upande wa bwana harusi waliulizana kimyakimya huyu mzee anagombea nini.

Mshereheshaji akasema sasa wazazi wa bibi harusi wasimame watambulishwe. Mzee Pazi akainuka, akafunga kifungo cha koti.

Hapo ndipo Nyamizi alipoingia. Alikuwa amejipaka unga usoni, amefuatana na wanawake wawili wa kwao, wanapiga vigelegele. Akapanda jukwaani bila kumtazama mtu, akalishusha bango, akalikunja, akajitwika.

"Hili nimelichukua," alisema. "Mkilitaka, likomboeni."

Turubai zima likaangua kicheko, maana watu walielewa. Kwao Nyamizi ni Tabora. Wanyamwezi kama yeye na Wazaramo kama wenye harusi ile ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akija harusini ana haki ya kunyakua anachotaka. Wenye shughuli wanacheka naye, wanamuuliza anataka nini, wanakomboa. Kitu kimoja tu hakifanyiki: mtani hakasirikiwi. Mzee Pazi alikuwa ameagiza na kufoka siku tatu mbele ya fundi yule, na hakuona haja ya kumuuliza hata kwao ni wapi.

Akakasirika. Alilidaka bango akalivuta, Nyamizi naye akavuta, kitambaa kikapasuka kutoka kwenye bega la koti mpaka kwenye majina ya kamati. Mzee akainua mkono ampige.

Kicheko kikakatika. Kumwinulia mtani mkono, tena kwenye harusi, ni jambo ambalo wengi pale walikuwa hawajawahi kuliona.

Bi Mwanakombo, dada mkubwa wa Pazi na mkubwa wa ukoo mzima, akasimama kwa shida kutoka kwenye mkeka.

"Shusha mkono, Pazi. Umetuaibisha. Kwa kosa hili hatubishani bei tena, tunatoa atakachotaja. Taja, mtani."

Nyamizi akamgeukia bibi harusi.

"Sitaki hela, wala sitaki kuku," alisema. "Aliyemlea huyu mwali yuko jikoni, amejaa masizi. Aje akae pale mbele. Na aliyekaa pale aende akakoroge sufuria."

Mzee Pazi alisema kwa ukali kwamba yule mwanamke si damu yao.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," alijibu Bi Mwanakombo. "Sisi wenye damu tulikuwa wapi? Nakuuliza wewe, na najiuliza mimi."

Mwamvua akainuka, akavua viatu, akaenda jikoni na shela lake likiburuzika kwenye majivu. Alirudi amemshika Chausiku mkono. Mama wa watu alikuwa anajivuta nyuma, analalamika kwamba kanga yake imelowa mchuzi, na Mwamvua hakumwachia mpaka alipomkalisha kwenye kile kiti cha mbele.

Mzee Pazi bado alikuwa amesimama na kipande cha kitambaa mkononi. Akauliza hiyo sasa ni harusi gani isiyo na bango.

"Baba mkubwa," alisema Mwamvua, "mimi bango nilitaka liwaonyeshe watu nani alinilea. Sasa wamemwona."

Mzee alitazama huku na huku kutafuta wa kumtetea. Wanakamati wote kumi na mmoja walikuwa wanatazama chini. Bi Mwanakombo hakuwa amekaa, alikuwa anamngoja. Basi akavua koti, akalitundika kwenye nguzo ya turubai, akaelekea jikoni. Pilau ya watu wa mwisho ilikuwa bado haijaiva.

Funzo: Kama hukuwepo siku za uji na homa, usije siku ya shangwe ukakalia kiti cha aliyekuwepo. Na wewe uliyeona ukanyamaza, kama kamati ile, aibu hiyo ni yako pia.