Mwanamvua na Mikono ya Wafinyanzi

Paukwa!
Pakawa!
Mkeka umetandikwa?
Umetandikwa, tumekaa!
Mwenye usingizi?
Akalale kwao!
Mwenye masikio?
Asogee!

Haya, sogeeni basi. Na wewe pale mlangoni, acha kutafuna muhogo kama mbuzi, unanipotezea maneno.

Hapo kale palikuwa na mji wa wafinyanzi, ukiitwa Ukutini. Watu wake walifinyanga vyungu, mitungi na vyetezo, na walijivunia mikono yao kuliko kitu chochote. Mgeni akifika hawamwonyeshi mifugo wala mashamba. Wanamwonyesha mikono.

Sasa, kwa kuwa waliishi kwa kukanda udongo, wakaona na mtoto naye ni wa kukandwa. Mtoto akitimiza arobaini hufunikwa kanga gubigubi, uso usionekane, kijicho kisimpate. Kisha hupitishwa kwa wanawake watatu wa ukoo wa baba. Wa kwanza humvuta mikono. Wa pili humvuta miguu. Wa tatu humkanda mgongo, humfunua uso, humpa jina. Kiungo kikilia ka, watu hufurahi na kusema ukoo umemfungua. Na mtoto asiyepita mikono hiyo, Ukutini hana jina wala kwao.

Katika mji huo aliolewa Mwanamvua, binti wa wasuka mikeka, mwembamba, mcheshi, mwenye shingo ndefu. Mumewe alikuwa Mbaruku, mchimba udongo, mpole kupita kiasi. Mbele ya shangazi yake, Bi Mwatima, Mbaruku hakuwahi kumaliza sentensi.

Bi Mwatima ndiye aliyekuwa mfinyanzi mkuu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda tangu utotoni, na kwa mkono huo uliopinda alifinyanga vyungu ambavyo wenye mikono iliyonyooka waliviota tu. Ukimuuliza umepindaje, atakwambia mama yake alimwangusha akiwa mchanga. Mama huyo alirudishwa kwao kwa kosa hilo, na jina lake halikutajwa tena nyumbani.

Mwanamvua akazaa mtoto wa kwanza, Makame. Akapitishwa mikononi. Mkono ukalia ka, watu wakapiga vigelegele. Jioni mkono umevimba kama boga, na mtoto analia sauti imekauka. Wakasema mama kamlalia.

Akazaa wa pili, Mwache. Akapitishwa mikononi. Mguu ukalia ka, vigelegele. Jioni mguu umevimba. Wakasema mama ana nuksi.

Mnaona jinsi watu walivyo wepesi wa kupata majibu?

Mwanamvua hakuwa na nuksi. Alikuwa na macho. Aliona wanawe wakivunjika kwa mambo madogo: Makame alipiga chafya, ubavu ukavunjika. Mwache aligeuka usingizini, bega likavunjika. Akaona pia kwamba weupe wa macho yao haukuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya samawati, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Akajua kwamba mifupa hii dhaifu walizaliwa nayo, kama macho yale. Akalia siku moja, akalia ya pili, ya tatu akafagia uwanja.

Alifagia kila kokoto. Jogoo aliyekuwa akipita kwa vishindo akaishia mchuzini. Akasuka kitanda cha ukili laini, akachonga vijiti vya mwanzi vya kufungia palipovunjika. Na nyumba ile ikawa na sheria. Mtoto hashikwi kwapani, havutwi mkono. Mikono miwili inaingia chini, kichwani na makalioni, halafu unangoja. Mtoto mwenyewe ndiye anayesema "Haya, inua." Asiposema, huinui, hata ungekuwa sultani.

Mbaruku, aliyekuwa akiogopa kila mtu, nyumbani mwake alisimama akisubiri amri ya binti wa miaka mitatu, na alipenda sana kuamriwa.

Na watoto wale, jamani. Makame alikaa kitako akichora nakshi za vyungu kwa gamba la kombe, na wakubwa wakaja kumwibia mitindo. Mwache hakutembea, lakini ulimi wake ulitembea mji mzima. Aliyepita pale na mambo ya kipuuzi aliondoka na jina la utani. Mwanamvua aliwatazama, kifua kikamjaa. Wote waliotaka kuwabeba kwa pupa aliwaambia, "Msimshike hivyo." Watu wakamwita Mama Msimshike, wakidhani wanamtukana. Yeye akawa anaitika kwa sauti, shingo imenyooka.

Akazaa wa tatu. Msichana. Alipofumbua macho tu, Mwanamvua akaiona ile samawati. Akambusu kila jicho, akamwambia karibu.

Arobaini ikakaribia. Bi Mwatima akaja, akasimama mlangoni, akasema mtoto atapita mikononi kama wenzake, na safari hii mama akishamkabidhi asimguse tena hadi jioni. Akivunjika naye, Mwanamvua atarudi kwao kusuka mikeka, na watoto wote watatu watabaki na ukoo. Mbaruku akaanza, "Lakini shangazi..." na hapo sentensi ikamwishia.

Jamani, fikirini. Akikubali, mtoto atavunjwa na yeye atafukuzwa. Akikataa, mtoto hana jina, na yeye atafukuzwa vilevile. Na akifukuzwa, nani atawangoja wanawe waseme "Haya, inua"?

Mwanamvua hakugombana. Alisimama karibu na Bi Mwatima kuliko alivyowahi kusimama, akayatazama macho yake yaliyozungushwa wanja mzito. Akatazama vizuri. Kisha akasema, "Sawa, shangazi. Atapita mikononi."

Usiku ule Mbaruku alimuuliza mkewe kwa nini amekubali. Mwanamvua akamwomba kitu kimoja tu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipeleka vyungu vya shangazi tanurini, amletee vitatu vidogo vilivyokauka ila havijachomwa. Mbaruku akawaza. Kumchukulia Bi Mwatima vyungu bila ruhusa! Safari hii akamaliza sentensi. "Nitakuletea," akasema, "na akiuliza, nitasema ni mimi."

Siku ikafika. Uwanja ukajaa. Mwanamvua akatoka na mzigo uliofunikwa kanga gubigubi, mzito wa kadiri, laini kwa nje. Akauweka mikononi mwa wifi yake mkubwa, Bi Shumbana, akaenda kukaa mbali, kama alivyoamriwa.

Bi Shumbana akashika palipo mabega, akavuta. Ka! Vigelegele. Akasema mtoto huyu mpole, halii.

Akampa Bi Mkasi, wifi wa pili. Akashika palipo miguu, akavuta. Ka! Vigelegele. Akasema huyu ndiye wa ukoo wetu hasa.

Akampa Bi Mwatima. Akaulaza mapajani, akakanda mgongo. Ka, ka, ka! Vigelegele mpaka njiwa wakaruka. Akafunua uso ili ampe jina.

Hapakuwa na uso. Palikuwa na pamba ya sufi, na ndani ya sufi vigae. Bi Mwatima akakiokota kimoja, akakigeuza, akaiona nakshi yake mwenyewe.

Hasira zikampanda. Hakuuliza mtoto yuko wapi, akauliza ni mshenzi gani amebeba vyungu vyake vibichi namna hii.

"Mmevibeba ninyi watatu, shangazi," Mwanamvua akasema. "Mimi ni mtoto wa mikeka, sijui. Kwani chungu kibichi kinabebwaje?"

Na fundi akiulizwa kazi yake hawezi kujizuia. Bi Mwatima akasimama. "Kibichi hakivutwi. Hakishikwi mdomo wala mashikio. Mikono miwili inaingia chini, unatulia kwanza, ndipo unainua. Hata mtoto wa Ukutini anajua."

"Anajua kweli," akasema Mwanamvua. Akaita, "Makame, mwanangu, mdogo wako anabebwaje?"

Mlango ukafunguliwa. Mbaruku akatoka, amembeba Makame kwenye ungo mpana uliotandikwa sufi, na mapajani mwa Makame amelala mtoto mchanga, mzima. Mwache akawa anapiga kelele kutoka ndani kwamba wamemsahau. Makame akajibu kwa sauti ya kila siku:

"Havutwi. Hashikwi kwapani wala mikono. Mikono miwili inaingia chini, unatulia kwanza, ndipo unainua."

Bi Shumbana akaificha mikono yake ndani ya kanga.

Mwanamvua akamsogezea Bi Mwatima bakuli la maji. Akamwomba amtazame mtoto macho, halafu amtazame Mbaruku, halafu anawe wanja, ajitazame mwenyewe. Bi Mwatima akanawa. Akainama juu ya bakuli. Samawati ya mtoto, samawati ya Mbaruku, na ile iliyokuwa ikimtazama kutoka majini ilikuwa moja.

"Haikutoka kwetu, shangazi," akasema Mwanamvua taratibu. "Wala si nuksi. Ni damu yenu, na mimi nimeilea na ninajivunia. Lakini niambie, ule mkono wako, ulivunjika lini?"

Bi Mwatima akaushika mkono wake uliopinda. "Siku ya arobaini yangu," akasema. "Waliniambia mama aliniangusha."

"Akina nani walikwambia?"

Akapapasa pale ulipopinda. "Walionikanda."

Mwanamke yule, ambaye Ukutini nzima ilimwogopa, akakaa chini kwenye vumbi, akalia kama mtoto. Alimlilia mama aliyemchukia miaka yote, aliyefukuzwa kwa kosa la mikono ya watu wengine. Mwanamvua akaja akakaa naye vumbini. Wote wawili walilia, na hakuna aliyewaharakisha.

Bi Mwatima alipojifuta machozi, akamgeukia Makame. Akamwuliza kama anaruhusiwa kumbeba mtoto. Makame akamtazama mikono, akamwamuru akanawe, akaenda akanawa. Akamwambia alegeze vidole, akalegeza. Akaingiza mikono miwili chini, ule ulionyooka na ule uliopinda, akangoja. Alingoja kweli, amepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka saba.

"Haya, inua," akasema Makame.

Akainua. Hakuna kilicholia. Mtoto akapiga mwayo.

"Jina lake ni Mishi," akasema Bi Mwatima, na wazee uwanjani wakashtuka, kwa kuwa hilo ndilo jina la mama yake, lile lisilotajwa. Akalirudia mara tatu ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Msije mkafikiri mifupa ilipona. Haikupona. Mishi alivunjika, akafungwa mwanzi, akavunjika tena. Nyumba ile iliendelea kuwa na vilio vyake, na kuna asubuhi Mwanamvua alichoka hadi mifupani. Lakini hakufukuzwa, na hakubeba peke yake. Mji mzima ulijifunza kubeba kwa kutoka chini, na katika arobaini za Ukutini tangu hapo mtoto hupitishwa juu ya ungo.

Na mgeni akifika Ukutini siku hizi, bado wanamwonyesha mikono. Wanampeleka uwanja ule uliofagiwa, na kumwita Mama Msimshike. Naye hutoka, shingo imenyooka, anainyanyua mikono yake miwili myembamba ili waione vizuri. Kisha Mwache hupaza sauti kutoka ndani kumwambia mgeni avue viatu.

Hadithi hii nilipokezwa kwa mikono miwili, nami nawapa kwa mikono miwili. Atakayekwenda nayo aishike kwa chini. Ikimvunjikia njiani, asiseme nilimpa imevunjika.