Kasisi Aliyesema "Nimemwambia"

Wapendwa, katika nchi ya Romania, huko Ulaya, zamani za babu za babu zetu, wakulima waliinuka dhidi ya makabaila waliomiliki ardhi. Zipo filamu juu ya siku zile. Nilitazama moja nikiwa chuoni, na yale mashamba yanayoungua hayajanitoka machoni mpaka leo. Mfano wa leo nimeutunga mwenyewe, lakini nimeuweka katika nchi ile.

Kulikuwa na kijiji cha wakulima maskini, kimezungukwa pande zote na mashamba ya kabaila mmoja. Wanakijiji walilima kwake siku nyingi kuliko walizolima kwao. Walichobakiwa nacho ni bonde moja la majani kando ya mto, walikolisha ng'ombe wao wa kulimia. Mwaka huo, baridi ikiwa bado kali, wakasikia kwamba bonde nalo litalimwa.

Nani akaseme na kabaila? Mkulima hakuruhusiwa kuvuka geti lake. Lakini kasisi wa kijiji, jina lake Gavril, kila Jumapili baada ya ibada alikula chakula cha mchana mezani kwa kabaila. Basi wakamtuma Toader kwa kasisi huyo; alikuwa mtu mpole, mwenye mke na mabinti wawili. Toader akavua kofia, akasimama kwenye theluji, akasema, "Baba, mwambie bwana atuachie bonde. Ng'ombe wakikosa majani watakufa, na wakifa hata shamba lake hatutaweza kulilima. Hatuombi kingine."

Kasisi alikubali, tena kwa moyo. Nataka mlishike hilo. Hakuwa mtu mbaya. Aliwabatiza watoto wao, alikaa na wagonjwa wao, na njaa yao aliijua.

Jumapili ya kwanza, kabaila alikuwa na wageni kutoka mjini. Kasisi akaona si adabu kuleta habari za ng'ombe mbele ya wageni. Jumapili ya pili hapakuwa na wageni, na kabaila alikuwa amechangamka, akaahidi hata kuezeka upya kanisa. Wewe ungekuwa pale, ungemharibia furaha yake? Jumapili ya tatu alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna haombwi kitu.

Kila aliporudi nyumbani alimkuta Toader anamngoja. Mara mbili alimwambia avumilie. Mara ya tatu aliona haya kusema vilevile, akasema, "Nimemwambia, mwanangu. Amesema atafikiri."

Ni neno dogo tu, la kumtuliza mtu. Mangapi ya namna hiyo tumeyasema wiki hii?

Toader akalipeleka kijijini. Walikuwapo waliotaka kwenda wenyewe wakagonge geti, liwalo na liwe. Toader akawasihi wasiende, akawaambia kasisi ameshasema na bwana, bwana anafikiri, tusimkasirishe. Wakamsikiliza. Wakangoja.

Theluji ilipoyeyuka, msimamizi wa kabaila aliingia bondeni na plau sita. Kwa siku mbili wakaligeuza bonde lote, wanakijiji wamesimama kando wanatazama. Walilia majani, ndiyo, lakini kilichowachoma zaidi ni kingine. Mtu akikunyima hujamwomba, utasema hakujua. Akikunyima baada ya kukusikia, amekudharau. Nao waliamini wamesikiwa.

Na Toader, yule aliyewatuliza wenzake majuma yote, ndiye aliyetangulia siku walipoinuka. Wakachoma maghala, wakachoma na nyumba ya kabaila. Msimamizi wakampiga mpaka akafa. Kabaila mwenyewe alikuwa mjini. Siku ya tatu wakaja askari, nao pia ni watoto wa wakulima, wa vijiji vingine, wamevalishwa sare. Wakaamriwa kupiga risasi, wakapiga. Kasisi Gavril alizika watu kumi na tisa kwa siku moja. Alipofika kwenye jeneza la Toader akampa mwimbishaji kitabu amalizie sala.

Baada ya wiki mbili kabaila akarudi kutazama magofu ya nyumba yake, akamwita kasisi. Akamuuliza, "Watu hawa walikuwa wanataka nini?"

"Bonde la mtoni," kasisi akasema. "Walikuomba uwaachie wapate majani."

Kabaila akamkazia macho. "Lile tope? Msimamizi ndiye aliyetaka kulilima, mimi hata mipaka yake siijui. Ningewaachia. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Sisemi kabaila yule alikuwa mwema. Mtu anayemiliki ardhi asiyoijua, na asiyejua kwamba walio getini pake wanakufa njaa, huyo naye ana lake la kujibu mbele za Mungu. Lakini jambo lile angelitoa. Lingegharimu sentensi moja, kati ya supu na nyama.

Kasisi akatoka pale akaenda moja kwa moja kwa Safta, mjane wa Toader. Alimkuta anawasuka mabinti zake. Akamweleza yote bila kujificha, kwamba hakusema hata Jumapili moja, na kwamba alimdanganya mumewe. Safta hakumlaani. Alimaliza kusuka, ndipo akasema, "Baba, Toader hakuwa mtu wa chuki. Amekufa anamchukia mtu kwa jibu ambalo mtu huyo hakulitoa. Nani sasa atakwenda huko aliko kumwambia?"

Hata mimi niliyetunga mfano huu nimemtafutia kasisi jibu, sikupata.

Ndugu zangu, tukisikia habari za moto na damu tunauliza nani aliwasha kiberiti. Hatuulizi nani alipewa neno alipeleke, akaketi nalo mezani, akala. Sisi ndio tunaokula na wakubwa. Sisi wachungaji, sisi wazee wa kanisa, wewe mwenye shemeji ofisini, wewe mwenyekiti wa mtaa. Watu wanavua kofia mbele yetu, wanatukabidhi maneno yao kwa sababu wao hawana mlango. Na sisi tunawaambia, "Nimemwambia."

Mwezi uliopita mama mmoja wa usharika huu alinipa neno nilipeleke mahali. Yupo hapa asubuhi hii, ameketi upande wa wanawake. Jumapili iliyopita aliniuliza pale nje, nikamjibu kwamba nimeshalifikisha.

Mama, sikulifikisha. Nisamehe. Kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwa hao ulionituma kwao, na nitakuomba twende wote, ulisikie jibu kwa masikio yako.

Tusimame tuombe.