Mkurugenzi Aliyezima Logi

Hivi wewe, website ya kuomba kazi ishawahi kukuambia "Asante, ombi lako limepokelewa," halafu kimya, miezi minane? Basi soma hii, kisha mtumie kila graduate unayemjua.

Kulikuwa na kaunti moja iliyotaka wauguzi mia mbili. Maombi yote yalipitia mtandaoni, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Mkurugenzi wa ajira, Bwana Mwandawiro, aliweka skrini kubwa pale mapokezi ili wageni waione system ikichapa kazi.

Sasa, kila system huandika logi, yaani shajara yake: nani ameingia, nini kimekwama. Kitu kikikwama, mstari unatoka mwekundu pale kwenye skrini. Mkurugenzi aliona wekundu mbele ya wageni, akashikwa na aibu. Dawa yake? Akaamuru logi izimwe. Kabisa! Na ana PhD, by the way.

Ijumaa saa tano, simu ya Kerubo, programa wa ofisi, ikalia. Alikuwa Akiru, muuguzi aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita na hajaajiriwa.

"Dada, nimetuma mara tatu. Inasema asante. Nikiangalia orodha ya waliopokelewa, jina langu halipo."

Kerubo akachungulia kwenye system. Hakuna dalili yoyote. Akakimbilia kwa mkurugenzi.

"Boss, naomba niwashe logi, niielekeze kwenye faili. Watu wanapotea."

"Leo? Na gavana anafika saa sita? Tafuta kosa bila kuwasha hayo mambo mekundu. Si wewe ulipata first class chuoni?"

"Boss, unaniambia nimtibu mgonjwa aliyezibwa mdomo."

"Basi tibu. Ukishindwa, fungasha."

Kerubo akarudi kwenye kiti, akaiwasha logi kisirisiri. Haikuonekana kwenye skrini. Iliandika kwenye faili tu.

"Akiru, tuma tena. Usikate simu."

"Nimetuma. Imesema asante."

Faili nayo ikasema: *Jina la baba halipo. Ombi limetupwa.*

"Akiru, mbona hukujaza jina la baba?"

"Ningejaza la nani? Nimelelewa na mama. Hata kwenye cheti cha kuzaliwa waliweka X tu."

Ndani ya dakika ishirini, watu thelathini na mmoja walikuwa wametupwa hivyo hivyo, na kila mmoja akashukuriwa. Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja tu wa programu, na password ya mkurugenzi. Saa sita kasorobo, Kerubo akaichapa faili, akaiweka mezani kwa mkurugenzi.

Mzee akasoma. Akarudia kusoma. Kerubo akatazama saa ya ukutani.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Mimi tu, boss."

"Ifute."

Saa sita kamili dirisha la maombi likafungwa. Mbele ya gavana, mkurugenzi akatangaza kwamba leo skrini haijaonyesha kosa hata moja. Na wallahi, hakudanganya! Wakampigia makofi.

Kerubo alifutwa kazi Jumatatu. Saa hii yuko tarmac, anatafuta kazi na bahasha yake kama sisi wengine. Lakini ile faili hakuifuta.

Funzo: Ukizima logi hujaondoa kosa, umeondoa shahidi. Kwa hivyo ninyi mlio ofisini, washeni logi, zihifadhini, fungueni dirisha upya, na mtutajie mmoja mmoja mliowatupa na sababu yake. Wiki hii, si baada ya uchaguzi.